Fundi Anataka Kunipandishia Windows 11: Nikubali?

SWALI: Habari za kazi, mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mtama, mkoani Lindi. Nina kompyuta mpakato HP EliteBook 840 G3 ambayo kijana wangu aliniletea kutoka Kariakoo, ikiwa imeshatumika. Humo kuna mahesabu ya chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima kwenye Excel, maana ndiye mimi ninayemsaidia katibu. Kuna picha za familia pia, na mjukuu wangu wa kidato cha tatu anaisomea. Tangu Oktoba 2025 inanitolea tangazo kwamba Windows 10 imefika mwisho. Fundi mmoja wa Mtwara mjini anasema ataniwekea Windows 11 kwa shilingi 30,000, ingawa kompyuta yenyewe imekataa na kusema haina sifa. Fundi wa pili anasema niiuze nitafute nyingine. Kijana wangu yuko Dar es Salaam, anasisitiza niweke Linux. Intaneti yangu ni bando la simu. Nimsikilize nani?

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Nashukuru umetaja modeli ya mashine na kazi zinazofanyika humo, kwa sababu bila hayo mawili swali lako lisingejibika.

Kati ya hao watatu, aliye karibu na ukweli ni kijana wako, ila hata yeye anakuharakisha. Ushauri wangu ni kwamba ubaki na Windows 10, lakini iwe halali na iwe imeandikishwa kupokea viraka vya usalama (marekebisho yanayoziba matundu ya kuingilia wahalifu) vya mwaka wa ziada, ambavyo vinaendelea hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Muda huo utumie kuijaribu Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, taratibu bila kufuta kitu. Na kabla mtu yeyote hajaigusa hiyo kompyuta, mahesabu ya chama na picha za familia viwe vimeshanakiliwa nje yake. Nitakueleza sababu kwa urefu, maana hao wote watatu watakuja kukuuliza kwa nini hukuwafuata.

Kilichotokea tarehe 14 Oktoba 2025 ni kwamba Microsoft waliacha kuitengenezea Windows 10 viraka vya kawaida. Mfumo huo ulitoka Julai 2015, kwa hiyo ulihudumiwa miaka kumi. Kompyuta haikuzimika siku hiyo na haitazimika kwa sababu hiyo. Excel inafunguka, printa inachapa, mjukuu anasoma. Ni kama paa la makuti ambalo mwezekaji wake hafiki tena: halidondoki, ila tundu likitokea hakuna wa kuliziba.

Matundu yenyewe yanapatikana kila mwezi. Jumanne ya pili ya mwezi, Microsoft hutoa viraka vya Windows 11. Windows 10 na 11 zina mifupa ya pamoja kwa sehemu kubwa, hivyo tundu linalozibwa kwenye 11 mara nyingi lipo pia kwenye 10. Wahalifu wenye ujuzi huchukua faili la kabla ya kiraka na la baada ya kiraka, wakayalinganisha, wakaona pale palipobadilishwa. Kiraka cha mmoja kinageuka kuwa ramani ya kumwingilia mwingine asiyekuwa nacho. Ndiyo maana hatari haikuja yote siku ya kwanza. Inakua kadiri miezi inavyopita.

Hili lilishatokea. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilisambaa duniani kwa siku moja, ikafunga mafaili ya watu na kudai fedha. Hospitali nyingi za umma Uingereza ziliahirisha matibabu kwa sababu kompyuta zao zilifungwa. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na waliokuwa kwenye matoleo yaliyokwisha kuachwa, ambayo hayakuwa yametengenezewa kiraka mapema.

Hata hivyo sitaki ukeshe kwa hofu ya watu wa ng'ambo. Mashine nyingi zinazoharibika huku kwetu zinaharibiwa na vitu viwili vya karibu zaidi, navyo ni flashi na kraki, yaani programu ya kuifanya Windows ionekane imelipiwa. Flashi unaijua: umeipeleka stationery kuchapa barua, umeirudisha nyumbani, umeifungua, na mafolda yako yote yamekuwa na kijimshale kidogo kwenye kona ya chini kushoto. Mafolda ya kweli yamefichwa, na kile unachobofya ni njia ya mkato inayoamsha kirusi kwanza, kisha inakufungulia folda lako ili usishtuke. Antivirusi iliyomo ndani ya Windows 10 inakikamata kirusi cha aina hiyo vizuri tu, na Microsoft wamesema wataendelea kuilisha taarifa mpya za virusi hadi Oktoba 2028. Tatizo ni kwamba kwenye mashine nyingi ninazofungua, antivirusi hiyo imezimwa. Na aliyeizima ni kraki.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye uamuzi wako wote.

Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo na kufika Mtwara, Lindi na Masasi zimesakinishwa upya na muuzaji. Anatumia flashi moja kwa mashine zote, kisha anaendesha programu ya kuifanya Windows ionekane imelipiwa. Ili programu hiyo ipite, antivirusi huzimwa, na folda ilimo hiyo kraki huwekwa kwenye orodha ya mahali pasipokaguliwa. Kuanzia siku hiyo una mlango ambao mlinzi ameagizwa asiutazame. Mtu anaweza kupokea viraka vyote vya Microsoft na bado akaingiliwa kwa mlango huo.

Kagua hivi. Shika kitufe chenye nembo ya Windows, bonyeza herufi R, andika winver, bonyeza Enter. Litatokea dirisha dogo. Tazama mambo mawili: kama limeandikwa 22H2, ambalo ndilo toleo la mwisho la Windows 10, na kama jina lake linaishia na Home, Pro au Enterprise. Halafu fungua Mipangilio (Settings), nenda kwenye ukurasa wa masasisho na usalama (Update & Security), tafuta sehemu ya uwashaji (Activation). Ikiwa ni Home au Pro na imeandikwa kwamba imewashwa kwa leseni ya kidijitali, ni dalili nzuri. Ikiwa ni Enterprise, ambalo ni toleo la taasisi kubwa, au inataja huduma ya uwashaji ya taasisi wakati wewe huna taasisi yoyote, basi karibu hakuna shaka kwamba ni ya kraki.

Sasa habari njema ambayo wauzaji wengi hawaisemi. EliteBook ni mashine ya maofisini. Zilipotoka kiwandani nyingi zilikuja na leseni ya Windows Pro, na tangu enzi za Windows 8 leseni ya namna hiyo huhifadhiwa ndani ya ubao mama wenyewe. Aliyefuta diski akaweka Enterprise ya kraki hakuifuta leseni hiyo. Ukisakinisha upya Windows 10 Pro kwa faili lililopakuliwa kutoka tovuti ya Microsoft, mara nyingi kisakinishi kinaisoma leseni chenyewe, hakikuulizi namba yoyote, na ukiingia mtandaoni inajiwasha kihalali. Yaani kitu halali ulishakinunua pamoja na mashine, ila kimefunikwa na cha wizi.

Kwa hiyo kama winver inakuonyesha Enterprise, hiyo shilingi 30,000 ina kazi nzuri zaidi. Mwambie fundi akuwekee upya Windows 10 Pro kwa faili safi la Microsoft, bila kraki ya aina yoyote. Faili hilo ni kubwa, zaidi ya gigabaiti 4, usilipakue kwa bando lako. Na kazi hiyo inafuta diski, jambo linalotuongoza kwenye nakala.

Nakala, mwalimu, ndiyo ya kwanza kufanyika hata kama nimeichelewesha kuisema. Nunua diski ya nje. Flashi isiwe hifadhi ya kudumu, kwa sababu inaweza kufa ghafla ikiwa kwenye droo na isitoe dalili. Nakili folda la mahesabu, picha, na vitu vilivyo kwenye sura ya mbele ya kompyuta pamoja na folda la vitu vilivyopakuliwa, maana watu wengi husahau hayo mawili ya mwisho. Ukimaliza kunakili, chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue faili moja la Excel na picha chache. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa mahali pengine usiihesabu. Mafaili ya chama ni madogo sana, kwa hiyo yapakie pia kwenye Google Drive, ambako unapewa gigabaiti 15 bure. Picha ziache kwenye diski, na kijana wako akija likizo achukue nakala yake aende nayo Dar es Salaam, ili nyumba ikipatwa na jambo picha zisipotee zote.

Ukishakuwa na Windows 10 halali ya 22H2, rudi kwenye ukurasa wa masasisho. Utaona kiungo cha kujiandikisha kwa mpango wa viraka vya ziada. Utahitaji akaunti ya Microsoft, na uwe unaitumia kompyuta kama msimamizi wake. Ukiruhusu mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, hulipi kitu. Usipotaka, unalipa dola 30 mara moja. Wengine wataona vibaya kuwapa Microsoft mipangilio yao. Mimi kwa nyumba kama yako ningechagua njia ya bure bila kusita, ila hakikisha nenosiri la akaunti hiyo umeliandika kwenye daftari linalokaa mahali salama, na namba ya simu iliyosajiliwa ni yako wewe. Isiwe ya fundi wala ya mjukuu. Ukichelewa kujiandikisha hujakosa, viraka vilivyopita utavipata pia. Mpango huu ni wa kompyuta za watu binafsi. Kama chama kina kompyuta yake ofisini, hiyo ina mpango wake wa kulipia, na viongozi waulize mapema.

Viraka hivi vya mwezi ni mamia ya megabaiti. Kwenye mipangilio ya mtandao, weka hotspoti ya simu yako kuwa ni muunganisho wenye kipimo (metered connection), ili Windows isije ikala bando mchana unapotafuta kitu kingine. Kisha mara moja kwa mwezi, baada ya Jumanne ya pili, nunua bando la usiku na uiruhusu ipakue. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe na chaji ya kutosha, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya usakinishaji kwenye mashine yenye betri iliyokufa, ndipo unapokuta kesho yake haiwaki. Kama betri yako haishiki hata dakika ishirini, ibadilishe kwanza. Hilo ni muhimu kuliko toleo la Windows.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu, na nimeliona zaidi kwa wateja wa Mikindani na Lindi mjini, ambako hewa ya chumvi haiachi kitu. Kompyuta inawaka, lakini kila tovuti inasema muunganisho si salama na viraka vinagoma, na mtu anaamini ni kwa sababu Windows 10 imekufa. Tazama saa kwenye kona ya chini. Ukikuta mwaka umerudi nyuma, ni kibetri kidogo cha duara kwenye ubao mama kimeisha au kimeshika kutu. Kibadilishwe, tarehe irekebishwe, na kila kitu kinarudi.

Sasa nimjibu fundi wa kwanza. Bonyeza tena nembo ya Windows na R, andika msinfo32, tafuta mstari wa prosesa (Processor), yaani ubongo wa kompyuta. Kwenye 840 G3 utakuta kitu kama i5-6200U au i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: yako ni ya sita, iliyotoka mwaka 2015. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache mno za kizazi cha saba. Inataka pia kijichipu cha kutunzia funguo za siri kiitwacho TPM, toleo la 2.0. Microsoft wanasema prosesa za karibuni zina ulinzi wa ndani ambao za zamani ama hazina au zinaubeba kwa kujikokota. Wengi wanaona waliweka kizingiti juu mno, na mimi ni mmoja wao, kwa sababu mashine kama yako bado ina nguvu. Lakini kizingiti ndicho hicho.

Fundi hakudanganyi anaposema inawezekana. Kuna programu ya bure inayoitwa Rufus ambayo hutengeneza flashi ya kusakinishia inayoruka ukaguzi huo. Mashine itawaka, itapendeza, na kwa kawaida itapokea viraka vya kila mwezi. Ninakukataza kwa mambo ambayo hatakuwepo kuyashughulikia.

La kwanza, Microsoft wameandika wazi kwamba kompyuta isiyo na sifa haina haki ya kupokea masasisho. Leo wanatoa, na siku wakiacha huna pa kulalamika. Mwaka 2024 walionyesha kwamba wanaweza: toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 lilikataa kabisa kuwaka kwenye prosesa za zamani zaidi zisizojua amri fulani, ilhali zilikuwa zikiendesha matoleo ya nyuma yake bila shida. Prosesa yako inazijua amri hizo, ila umeona jinsi mambo yanavyoweza kubadilika.

La pili ndilo zito kwako. Kila toleo la Windows 11 ya Home na Pro linahudumiwa miezi 24 tu, kisha unatakiwa kuhamia linalofuata, na kwenye mashine isiyo na sifa uhamaji huo kwa kawaida hauji wenyewe. Ni lazima mtu arudie ule ujanja kwa faili jingine la gigabaiti kadhaa. Muulize fundi wako flashi yake ina toleo gani. Ikiwa ni 24H2, huduma yake inakwisha tarehe 13 Oktoba 2026, siku ileile ambayo viraka vya ziada vya Windows 10 vinakwisha. Utakuwa umelipa 30,000 na nauli ya Mtama hadi Mtwara bila kuongeza hata siku moja. Ikiwa ni 25H2, umepata hadi Oktoba 2027, kisha safari nyingine.

La tatu ni mtego mpya. Tangu toleo la 24H2, Windows 11 inaposakinishwa upya na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inaweza kujifunga yenyewe kwa ufunguo bila mwenyewe kuulizwa. Ufunguo wake wa tarakimu 48 unahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Fundi akitumia akaunti yake ili amalize haraka, ufunguo wa mahesabu ya chama chenu uko kwake. Siku mashine ikidai ufunguo, na huwa inadai baada ya hitilafu au baada ya mipangilio ya ndani kuguswa, aliyekusakinishia akiwa amebadilisha simu au amehama mji, mafaili hayo hayafunguki na hakuna fundi mwingine wa kuyafungua. Nimeshaona mwenye duka akipoteza daftari lake la wateja kwa namna hiyo.

Fundi wa pili anayesema uza, hana ubaya, ila si sasa. 840 G3 ina nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) aina ya DDR4, ina mahali pa SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), na inafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Kama bado ina diski ya kuzunguka, SSD ya gigabaiti 256 na RAM ya kufika gigabaiti 8 itakufanya udhani umenunua mashine nyingine, na vyote viwili vinatumika hata ukihamia Linux. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza ya kutumia.

Siku utakaponunua nyingine, usome ile namba ya prosesa kabla ya kutoa hela. Jina la modeli peke yake halitoshi. EliteBook 840 G5 nyingi ni kizazi cha nane, kama i5-8250U au i5-8350U, lakini zipo zilizotoka na kizazi cha saba na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: hiyo ni ya kumi. Na ukiwa bado dukani, mwambie muuzaji airudishe mashine kwenye hali ya kiwandani kisha aiunganishe na intaneti mbele yako. Mashine za maofisi ya Ulaya nyingine bado zimeandikwa jina la kampuni zilikotoka. Zikishika mtandao zinadai uingie kwa barua pepe ya kampuni hiyo na hapo ndipo mwisho. Muuzaji anaijua hali hiyo, ndiyo maana hukuonyesha mashine ikiwa imeshawashwa tayari bila intaneti.

Nimalizie kwa kijana wako na Linux yake. Kwa mashine yako na kwa mtu asiyetaka kununua nyingine, Linux ndiyo itakayokuja kuibeba baada ya Oktoba 2026, na ningechagua Linux Mint kwa sababu mpangilio wake unafanana na Windows uliyoizoea: kitufe cha menyu kona ya chini kushoto, upau chini, saa kulia. Matoleo ya mfululizo wa 22 yanahudumiwa hadi mwaka 2029. Ni ya bure, haihitaji kraki, na virusi vya flashi za stationery haviwezi kuamka ndani yake kwa kuwa vimetengenezwa kwa ajili ya Windows.

Kinachonifanya nisiseme uweke kesho ni lile faili la Excel. Jambo la kujaribu kwanza halihitaji hata Linux. Pakua LibreOffice, ambayo ni ya bure na inafanya kazi ndani ya Windows 10, uifungulie nakala ya mahesabu ya chama. Usifungue faili lenyewe, fungua nakala. Nenda kwenye ukurasa wa jumla ya kilo kwa kila mkulima, linganisha jumla za chini na zile za kwenye Excel. Badilisha uzito mmoja wa korosho uone kama makato na malipo yanabadilika inavyotakiwa. Chapisha ukurasa mmoja, utazame kama mistari imebaki ndani ya karatasi ya A4. Fomula za kawaida za kujumlisha na kutafuta jina kwenye orodha hupita bila shida. Zinazogoma mara nyingi ni zile faili zenye vitufe vya kubofya ambavyo mtu aliviwekea programu ndogo ndani yake. Kama katibu wenu alitengenezewa faili lenye vitufe hivyo, mjue mapema kwamba mtahitaji kulijenga upya, au chama kiendelee na Excel kwenye kompyuta ya ofisi. Na kama Excel uliyonayo ni ya Office 2016 au 2019, nayo huduma yake ilikwisha siku ileile ya tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo LibreOffice utaihitaji hata ukibaki na Windows.

Shughuli za kwenye kivinjari hazina tatizo popote. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, matokeo ya NECTA na mfumo wa MUVU wa vyama vya ushirika vinafunguka kwenye Firefox au Chrome bila kujali chini yake kuna Windows au Linux. Printa ndiyo ya kuchunguza. Za HP kwa kawaida hutambuliwa mara moja, baadhi ya zile ndogo za Canon zilizojaa stationery huhitaji kutafutiwa programu yake, na kwa anayeanza hiyo kazi inachosha.

Baada ya jaribio la LibreOffice, kijana wako akutengenezee flashi ya Linux Mint ya gigabaiti 8. Mashine inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski yako. Mpe mjukuu aitumie jioni kadhaa hivyo hivyo, atazame video za masomo, asikilize sauti, aunganishe hotspoti, afungue PDF za mitihani ya nyuma. Vijana wa umri wake huizoea haraka, na yeye ndiye atakayekuwa fundi wako wa karibu. Itakuwa polepole kidogo kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi. Ikishasakinishwa kwenye SSD inakimbia.

Kuhusu lini, fuateni kalenda ya chama. Msihame mifumo wakati minada ya ufuta inaendelea, na msithubutu wakati wa korosho. Tarehe 13 Oktoba 2026 inaangukia hapohapo korosho zinapoanza kuingia ghalani, wakati ambao wewe na katibu mnahitaji daftari kila siku na wakulima wanasubiri hela zao. Utulivu upo baada ya korosho na kabla ya ufuta. Mkiukosa huo, basi Agosti iwe ya majaribio na hadi Septemba inapoisha muwe mmeshaamua, na mahesabu ya msimu mpya yaanzie mahali pamoja tangu gunia la kwanza.

Kwa leo fanya mawili tu: nunua diski ya nje unakili, kisha piga picha dirisha la winver na ule ukurasa wa uwashaji, unitumie. Nikiziona nitakuambia kama hiyo Windows uliyonayo ni ya kuandikisha moja kwa moja au ni ya kusafishwa kwanza. Msalimie mjukuu.